Chupa Nne Chini ya Kitanda

Gisenyi, 3 Desemba 2024

Binti yangu Belise,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mumeo Cedric na mjukuu wangu Mutoni. Mimi sijambo, ila goti la kushoto hunikumbusha kila asubuhi kwamba nimetimiza miaka sabini na mmoja.

Simu uliyoninunulia ipo na inafanya kazi, kwa hiyo usinilaumu kwa kuandika. Simu ni ya kutangaza msiba. Mazungumzo ya mzazi na mtoto yanataka karatasi. Kaltumu, jirani yetu anayevuka mpaka wa Petite Barrière kuja huko Goma kila asubuhi na beseni lake la vitunguu, amekubali kuwa tarishi wetu.

Anakuletea chupa moja ya konfi. Unakumbuka konfi? Nyama ambayo mama yako aliipika alipokuwa mpishi wa masista. Tangu tumzike sikuwa nimelifungua daftari lake la mapishi. Mwezi uliopita nililifungua, nikakuta ameandika kanuni kwa mpangilio ambao ningependa kuuona kwa wanafunzi wangu wa zamani. Nyama ya bega hutiwa chumvi na kulazwa usiku mmoja. Kesho yake huzamishwa katika mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, juu ya moto mdogo, kwa saa saba. Mafuta yasichemke, yatetemeke tu. Mapovu yakikoma, ujue maji yote yametoka. Hapo ndipo nyama hutiwa katika chupa na kufunikwa kwa mafuta hadi juu, hewa isiifikie. Kanuni ya nne ameipigia mistari miwili: "Chungu hakiachwi."

Nyama nimeinunua kwa mchinjaji wa Bugeshi. Kuleni kwa afya.

Ni mimi baba yako,
Munyaneza

*

Goma, 9/12/2024

Papa,

Jambo sana. Sisi tuko muzuri, Mutoni anakohoa kidogo tu. Goti iko aje? Usipande ile kilima ya kanisa kwa miguu, chukua pikipiki.

Ile nyama, Papa! Kaltumu alifika nayo ameishika mbali kama vile iko nyoka ndani. Akaniambia, "Belise, apa kwanza. Hii haina nguruwe?" Nikaapa. Akafungua, akanusa, akasema, "Bon, kama ni ng'ombe, alikosa nini mpaka muzee wako akamuzika ndani ya mafuta?" Tulicheka mpaka mama wa nyumba ya pili akachungulia.

Niliichemsha na tomate na kitunguu, ikachemka saa nzima, tukakula na fufu. Vile Mama alikuwa anatuchemshia. Mutoni alilamba sahani mpaka mi nikaona aibu. Anasema babu atume ingine.

Chupa hairudi tupu, wewe ndiye ulitufundisha. Nimekuwekea sambaza kavu, zile samaki ndogo za ziwa.

Mutoto yako,
Belise

*

Gisenyi, 14 Desemba 2024

Binti yangu,

Nimefurahi kusikia kwamba hamjambo. Mtoto anayekohoa apewe maji ya tangawizi. Sambaza nimezipokea, asante.

Umeichemsha. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili nikidhani macho yangu yamekosea. Sikukaa saa saba mbele ya jiko ili wewe uitendee nyama ile kama maharage makavu ya Kanama. Konfi imekwisha kupikwa. Hutolewa katika chupa, hupashwa kidogo ndani ya mafuta yake mpaka yalainike, basi. Aijuaye huila hata ikiwa baridi, juu ya mkate. Mama yako aliwachemshia kwa sababu mlikuwa watoto, na watoto hawajui kitu kizuri. Wewe sasa ni mtu mzima.

Sikuombi, nakuagiza: usiichemshe tena. Na neno ni "mtoto", si "mutoto". Nilikufundisha mwenyewe.

Baba yako,
Munyaneza

*

Goma, 20/12/2024

Papa,

Jambo. Tuko wazima, asante Mungu.

Nimesikia. Sitachemsha tena. Cedric anacheka, anasema, "Baba mukwe wangu anasahihisha hata sosi." Mi sikucheka sana. Ile siku ya tomate, harufu ilipotoka kwa sufuria nilimuona Mama amesimama pale mlangoni na kitambaa yake. Hiyo ndiyo nilitaka kukuandikia, halafu ukaniandikia juu ya kuchemsha.

Basi. Noël njema. Umusalimie jirani yako Nyiramana na paka yake.

Belise

*

Gisenyi, 2 Januari 2025

Binti yangu Belise,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Natumaini kikohozi cha mtoto kimekwisha. Mimi ni mzima, na goti linavumilika.

Kuhusu mama yako, nilikusikia.

Kaltumu anakuletea chupa nne. Nilizipika Jumamosi ya tarehe 28. Ilikuwa siku ya umuganda, na unajua kwamba tangu turudi kutoka ukimbizini Karagwe sijakosa kazi ile ya pamoja hata mwezi mmoja. Tulizibua mtaro wa barabara, na mkuu wa mudugudu, kijiji chetu, akanitaja mbele ya vijana kuwa mfano. Umuganda sikuukosa, na konfi hukuikosa.

Habari za vita za upande wenu zinasikika mpaka huku na hazinipendezi. Kwa hiyo usizifungue chupa hizi sasa. Ziweke penye giza wiki tatu, nyama ipevuke, nazo ziwe akiba yenu. Siku utakapokosa makaa utanishukuru, kwa maana hiki ni chakula kisichohitaji moto. Ya tano nimejiwekea mimi.

Baba yako,
Munyaneza

*

Goma, 21/1/2025

Papa,

Jambo sana. Sisi tuko, lakini muji hauko muzuri. Watu wa Sake wameingia na magodoro kichwani, shule ya Mutoni imejaa wao. Makala ya kupikia haifiki tena, barabara imefungwa. Simu inashika leo, kesho inakataa.

Cedric alienda Bukavu na lori ya tajiri wake, sasa hawezi kurudi. Najua utaniambia nivuke nije Gisenyi. Papa, akirudi akute nyumba tupu, atanitafuta wapi? Nitamungoja wiki moja, ndiyo nije.

Chupa zako nne ziko chini ya kitanda. Mutoni anaziita "bébés ya babu", anazipa bonsoir kila usiku. Kifuniko ya moja imeinuka kidogo katikati. Nikaibonyeza, ikalia tik, ikarudi. Ni kawaida?

Mutoto yako,
Belise

*

Gisenyi, 24 Januari 2025

Binti yangu,

Salamu, nanyi nawaombea usalama. Mimi sijambo.

Wiki moja ni nyingi mno. Njooni. Cedric ni mtu mzima na anaijua njia ya kwangu.

Kifuniko si neno. Mafuta hupanuka joto linapozidi, na nyumba yenu imejengwa juu ya mawe meusi yanayoshika jua. Usiwe mwoga wa chakula kilichopikwa kwa kanuni.

Baba yako,
Munyaneza

*

Gisenyi, 27 Januari 2025

Belise,

Natumaini u mzima. Naandika hivyo kwa maana halisi ya maneno.

USILE ILE NYAMA. Hata kipande kimoja. Usimwonjeshe mtoto.

Ngoja nikueleze. Siku ile ya umuganda nilikibandika chungu motoni alfajiri, na saa mbili nikaitwa. Ningeweza kutuma neno kwamba nimezuiwa, lakini sikutaka jina langu likosekane hata siku moja. Niliufunika moto kwa majivu, nikaenda na jembe langu. Nilirudi saa sita na nusu. Moto ulikuwa umekufa, na chungu kilikuwa vuguvugu kama maji ya kuogea. Nikawasha tena. Jioni mapovu yalikuwa bado yanapanda, nami nilikuwa nimechoka na goti linaniuma. Nikajiambia yanatosha. Nikatia katika chupa nyama pamoja na maji yake, mafuta yakafunika yote, yakaonekana safi. Nilikuandikia kwamba nilipika siku ya umuganda. Sikukuandikia kwamba nilikiacha chungu.

Juzi nilifungua chupa yangu. Kifuniko kilitoa pumzi. Harufu ilikuwa nzuri. Nilitaka kula jioni, milio ya bunduki upande wenu ikaanza na hamu ikaniisha. Paka wa Nyiramana alipanda mezani akala kipande. Jana alikuwa akiburuta miguu ya nyuma. Leo asubuhi kope zimemwangukia, na hawezi kumeza maji. Nyiramana aliniuliza, "Mzee, umempa nini paka wangu?" Nilikimbilia daftari la mama yako.

Katika ukurasa wa mwisho, ambao sikuusoma kwa sababu haukuwa na kanuni, ameandika alichoambiwa na sista mmoja: nyama iliyobaki na maji chini ya mafuta inaweza kuzaa sumu isiyonuka. Huanza na kope kuwa nzito. Kisha mtu huona vitu viwili viwili. Kisha koo. Kisha pumzi. Na chini yake, kwa kalamu nyingine: "Ndiyo maana nyama ya watoto naichemsha sana kila mara."

Simu yako haipatikani tangu jana. Mpaka umefungwa. Risasi zimeangukia hata mitaa ya huku. Kaltumu alivuka Jumamosi na hajarudi, kwa hiyo sina wa kumpa barua hii. Nimekwenda Petite Barrière mara mbili, wamenirudisha. Naiandika hata hivyo.

Baba yako

*

Goma, 28/1/2025

Papa,

Jambo sana. Goti iko aje? Sisi tuko hai. Milio imepungua, tumetoka chini ya meza. Kaltumu amelala kwetu tangu Jumamosi. Yeye anakula mandazi yake tu, anasema hataki nyama ya kuzikwa. Wakifungua mupaka atakuletea hii.

Papa, leo utanisifu. Jumapili jioni makala iliisha kabisa, umeme hakuna, maji hakuna. Nikakumbuka vile uliandika. Nikatoa chupa moja chini ya kitanda, tukakula baridi, bila moto, juu ya mukate, kama ulivyoagiza. Sikuchemsha! Na uliongea kweli, iko tamu hivyo. Mutoni alikula yake na nusu ya yangu, akasema babu ni mupishi kuliko mama. Nilitaka ujue kwamba nilikusikia.

Leo Mutoni ni wa kulala tu. Namuamsha, kope zinaanguka tena, anaongea na pua kama mutu wa mafua. Nimemupa chai ya mama wa nyumba ya pili, ikatoka pembeni ya mudomo. Nadhani ni usingizi, hatukulala siku mbili. Hata mi naona mistari ya karatasi iko mbili mbili, ni hii mushumaa. Samehe mwandiko.

Kesho tutafungua chupa ya pili.

Ya kwanza inarudi na Kaltumu. Sikuwa na kitu ya kuweka ndani. Mutoni ndiye aliweka jiwe moja nyeusi ya hapa nje. Anasema ni ya babu, isirudi tupu.

Mutoto yako,
Belise

*

Gisenyi, 30 Januari 2025, saa tatu asubuhi

Belise,

Si usingizi.

Mbebe Mutoni sasa hivi. Ukishindwa, Kaltumu ambebe. Nendeni hospitali yoyote iliyo wazi, na wewe mwenyewe ulale hapo, kwa sababu mistari inayoonekana miwili haitokani na mshumaa. Mwambie daktari hivi: nyama iliyohifadhiwa katika mafuta, imeliwa baridi, Jumapili jioni, mtoto na mama, kope, macho, koo. Mwambie aweke mtu wa kulinda pumzi ya mtoto, asiondoke. Usimpe chai wala maji, hawezi kumeza. Chupa zilizobaki usizifungue. Usimtupie hata mbwa.

Kaltumu amevuka asubuhi hii, mara tu mpaka ulipofunguliwa. Amenipa chupa na barua yako, nami nikaisoma mlangoni. Anasema alfajiri amewaacha mmelala bado. Nilipomwambia, hakukaa hata kunywa maji. Beseni lake ameliacha hapa barazani, amesema, "Andika upesi, mzee, nina karatasi ya kupitia, wewe watakuchelewesha." Simu yako bado haipatikani, kwa hiyo anaondoka na barua hii pamoja na ile ya tarehe 27, ambayo ilikuwa mezani kwangu siku zote hizi.

Ulikuwa sahihi kuichemsha. Mama yako alikuwa sahihi. Mimi nilikosea, na nikakukataza lile ambalo lingewalinda na kosa langu. Neno "sikuchemsha" umeliandika kwa furaha. Sijui nitalisomaje tena.

Narudi Petite Barrière. Foleni ni ndefu, watu wanakwenda kutafuta watu wao, na hakuna anayejua nani atapitishwa. Mkiletwa hospitali za upande huu kabla sijapita, nimesimama upande wa kulia, karibu na ukuta, na koti la kahawia. Jiwe la Mutoni nimelishika mkononi. Nilikiacha chungu mara moja. Foleni hii siiachi.

Mkiniona, usiniamkie, wala usiulize goti. Mgeuze tu uso wa mtoto upande wangu, nione kama macho yamefunguka.

Papa