Nusu ya Sindano

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa tano

Ku sentre ya afya saa moja asubuhi, tumbo tupu. Sukari 214. Mado, mama mwenye kupima watu wa sukari pale, ameandika ku karte yangu bila kuniangalia. Akishaniangalia njo anaanza. Baba Aimée, unakula nini? Baba Aimée, unatembea? Baba Aimée, viatu. Kila mwezi wimbo ni ule ule.

Kisha soksi chini, macho yafungwe. Anagusa nyayo na kauzi kagumu ya plastiki, na mimi niseme ndiyo kila mara nikiisikia. Nilifunga macho nusu. Nikiona mukono yake inashuka, ninasema ndiyo. Amefurahi. Ameandika kama miguu iko muzuri.

Vidonge mbili asubuhi, mbili jioni. Miaka sita sasa. Nyumbani bibi yangu, Mama Aimée, anapima fufu yangu na kikombe. Natoka kupimwa ku sentre, nakuja kupimwa ku meza. Nimechoka.

Kazi iko mingi. Bulauzi 26 ya kwaya ya parokia, nyeupe, kola ya buluu. Wanazitaka mbele ya Pentekoste, tarehe 24. Leo nimekata tu.

Jumanne, tarehe 5

Kola zote zimekatwa. Bulauzi tano. Mchana sindano ilivunjika ku mshono munene ya bega. Nusu moja ilibaki mu mashini. Nusu ingine sikuiona. Nilipitisha sumaku chini ya kiti, chini ya meza, hakuna. Nikaweka sindano ingine, nikaendelea.

Ninashona bila viatu. Njo vile yaya yangu Gaspard, kaka yangu mukubwa, alinifundisha, wakati ule tukiwa Iga Barrière. Alisema kiatu inafanya muguu kuwa mujinga, fundi anajua mashini yake na nyayo. Mashini hii ilikuwa yake. Mado aseme anavyotaka, Mado hashoni.

Jumatano, tarehe 6

Mvua tangu asubuhi. Bulauzi tatu tu. Chai bila sukari ni kama maji ya kuosha sufuria. Nimekunywa hata vile.

Alhamisi, tarehe 7



Bulauzi ya tisa ilianguka chini. Kuiokota, iko na damu. Nikaangalia vidole vya mikono, kimoja kimoja. Safi. Nikaangalia pedali. Damu. Nikageuza muguu ya kuume. Chini ya kidole ya mwisho, kitu kidogo inang'aa. Nikaivuta na koleo.

Nusu ya sindano. Ile ya juzi.

Siku mbili mu muguu yangu. Nimetembea nayo ku soko, nimelala nayo. Haikuuma. Hata kuivuta haikuuma. Damu nimezoea, fundi gani hajichomi. Hii ya kukosa kuuma njo imeniogopesha.

Nimefua bulauzi na maji baridi na chumvi. Damu imetoka. Muguu nimefunga na kipande cha kitambaa cha kwaya. Mama Aimée alikuwa ku shamba. Akirudi sikumwambia. Nikimwambia, kesho mashini inafungwa, na wamama wa kwaya watanikuta na bulauzi tisa.

Jumamosi, tarehe 9

Bulauzi kumi na tatu. Mama Georgette, présidente wa kwaya, alipita kuona. Akazigeuza moja moja. Akaniuliza kama Roho Mutakatifu atashuka akute siye hatuna nguo. Nikamwambia atashuka nikiwa nimemaliza. Akacheka, akaenda.

Bibi yangu aliuliza soksi ni ya nini na jua hii. Nikasema Mado amesema nivae. Akafurahi sana. Akasema mwishowe umekuwa na akili. Nilijisikia vibaya siku nzima.

Jumapili, tarehe 10

Kiatu ya kuume ilikataa kuingia. Nikaisukuma. Mu kanisa nilikaa nyuma kabisa. Wakati wa kusimama sikusimama.

Jumatatu, tarehe 11

Muguu imevimba. Kidonda iko na harufu, kidogo. Nimemwaga pombe ya kusafisha mashini juu yake. Hakuna kitu. Kama ingeuma, ningekuwa nimeenda ku sentre tangu Alhamisi. Nakaa hapa nangoja maumivu inipe ruhusa, na maumivu haiwezi kufika mu muguu hii. Mujinga mimi.

Aimée, binti yetu, alipiga simu kutoka Aru. Bwana yake muzima, watoto wazima. Akauliza sukari. Nikasema iko sawa.

Bulauzi kumi na sita.

Jumanne, tarehe 12

Mama Aimée alienda soko kutafuta samaki ya Kasenyi. Nikaona njo saa. Nikachemusha maji ku moto ya makala, nikaweka chumvi mingi, nikapeleka beseni nyuma ya nyumba, nikaingiza muguu. Gaspard alikuwa anafanya vile na kila kidonda. Nikakaa. Nilikuwa nashona kola na mukono, muguu mu maji, karibu raha.

Akarudi mapema. Samaki ilikuwa imeisha. Akanikuta. Aliinama kuingiza mukono mu beseni aone niko naosha nini. Akautoa mbio.

"Baba Aimée, maji hii inachoma."

Nikamwambia ni vuguvugu.

Akaniangalia. Akamwaga beseni yote chini, akashika muguu yangu, akaweka ku magoti yake. Ngozi ilikuwa nyekundu mpaka ku kifundo, na malengelenge inaanza kuinuka kando ya kidole ya mwisho. Akaona na tundu ya sindano. Akauliza tangu siku gani. Nikasema Alhamisi. Alilia bila sauti, na muguu yangu bado iko ku magoti yake. Mimi nilishika kola mu mukono, sikujua niiweke wapi.

Motari alitupeleka na pikipiki yake. Ku sentre sukari ilikuwa 318. Mado alisema kwa sauti mara mbili, trois cent dix-huit, trois cent dix-huit. Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Aliandika karatasi ya kutupeleka ku hospitali.

Jumatano, tarehe 13

Hospitali. Munganga ni kijana, anasema polepole. Alichukua bic ya buluu, akachora mustari kuzunguka wekundu wote, toka ku kidole ya mwisho mpaka karibu na kifundo. Akasema hivi: dawa ya serum iko inaingia, na insulini asubuhi na jioni mpaka sukari ishuke. Wekundu ukibaki ndani ya mustari, tunafunga kidonda, unaenda kwako. Ukivuka mustari, tutakata.

Nikamwuliza tutakata nini. Akasema itategemea umevuka mpaka wapi.

Mama Aimée amekaa ku mukeka pembeni ya kitanda. Tangu jana hasemi na mimi ila kula, kunywa, geuka.

Alhamisi, tarehe 14

Wekundu uko ndani ya mustari. Nimeangalia mara ngapi sijui. Muuguzi ameniambia kuuangalia hakuurudishi nyuma.

Ijumaa, tarehe 15

Umevuka. Upande wa kidole, upana wa kidole kimoja. Kidole ya mwisho imekuwa nyeusi ku ncha.

Ninaogopa. Naandika wazi hapa kwa sababu pengine siwezi kusema. Gaspard, naye mutu wa sukari, walimukata kidole. Kisha nusu ya muguu. Kisha chini ya goti. Yote mu mwaka mumoja. Kisha hakushona tena. Alikuwa anakaa ku barza anaangalia mashini hii, na watu wakipita na vitambaa anawaambia mafundi wengine wako wapi. Nilikuwa namupelekea chakula, naona aibu kukaa naye. Akakufa. Mashini ikaja kwangu, na ile ya kushona bila viatu ikaja nayo.

Na kitu ingine. Sisikii pedali tangu mwaka jana, pengine zaidi. Nashona na sikio. Nilijua. Kila mwezi nilifunga macho nusu mbele ya Mado nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nadanganya nani?

Jumamosi, tarehe 16

Nimemwambia Mama Aimée. Juu ya Mado, juu ya macho nusu, yote. Nilifikiri atasimama aende zake nyumbani. Aliendelea kuchambua maharagi. Kisha akasema:

"Miaka sita napima fufu yako. Na muguu ungenipa niuangalie, ningekataa?"

 

Jumapili, tarehe 17

Wamekata kidole ya mwisho na wakasafisha mpaka ndani. Munganga anasema nyama ya chini yake iko nyekundu muzuri, damu inafika. Anasema pengine itaishia pale. Pengine.

Sikusikia kisu. Dawa ya kulaza muguu waliweka kidogo tu. Munganga alishangaa. Mimi sikushangaa.

Jumatano, tarehe 20

Mustari wa bic unafutika na wekundu umerudi ndani yake, mbali. Sukari 167. Wameturudisha nyumbani, mtaa wa Lumumba, na sheria: muguu juu ya kiti, usikanyage wiki tatu, kidonda kifungwe kila siku ku sentre, na insulini mpaka Mado aseme basi. Mama Aimée amejifunza kunichoma ku tumbo. Mukono yake ni nyepesi kushinda ya muuguzi. Chupa ya insulini inakaa mu kopo, kopo inaelea mu nyungu ya maji kona ya chumba, sababu frigo hatuna na kuriant ya umeme mu quartier yetu inakuja ikipenda.

Mado alikuja mwenyewe kuona kidonda. Nikamwambia juu ya macho nusu. Akatoa kauzi kake, akaninyima kuangalia, akanifunika uso na kitenge ya bibi yangu. Akagusa mara kumi. Nilisema ndiyo mara mbili, na mara moja alikuwa hajagusa. Ameandika upya ku karte.

Amemufundisha Mama Aimée: kila siku angalia juu, chini, na katikati ya vidole. Kausha katikati ya vidole. Maji upime na kisigino cha mukono, wewe, hapana yeye. Ingiza mukono mu kiatu mbele yeye hajaingiza muguu. Mimi nilikuwa pale kama mutoto wanayemusemea juu ya kichwa. Basi, nimestahili.

Ijumaa, tarehe 22

Mama Georgette amekuja. Nilikuwa nimepanga maneno. Bulauzi kumi na sita, kumi hazijashonwa, samahani. Aliangalia muguu juu ya kiti, akakaa, akaomba maji. Akasema wamama kumi wataimba na vitenge zao, na Mungu anajua kuhesabu. Akasema pole mara mingi. Ningependa zaidi anichekeshe.

Zimekaa pale ku meza, kumi, zimekatwa na kola zao. Nimeona hasira ya kweli leo. Mikono yangu iko mizima. Macho yangu iko mizima. Kazi iko mbele yangu, na mimi nimelazwa kama gunia sababu ya muguu mumoja.

Jumapili, tarehe 24

Pentekoste. Mama Aimée alienda misa ya kwanza, akarudi mbio kwa ajili ya sindano yangu. Akasema waliimba vizuri. Nikauliza nguo. Akasema nyeupe mbele, vitenge nyuma, hakuna aliyesema kitu. Kisha akasema kola zangu zilikuwa zimesimama vizuri.

Jumatatu, tarehe 25

Sukari 139.

Asubuhi alinawisha miguu yangu. Alipima maji na kisigino cha mukono kwanza. Akakausha vidole kimoja kimoja, akahesabu kwa sauti, akafika tisa, akafunga kidonda. 

Baada ya chai nilimuuliza kama anaweza kukanyaga pedali. Yeye akanyage, mimi niongoze kitambaa. Akasema hajawahi. Nikamwambia Gaspard alianza vile na mimi, yeye mikono, mimi miguu, nilikuwa na miaka tisa. Tulisogeza mashini karibu na kitanda. Mimi nimekaa kando, muguu juu ya kiti. Yeye ameleta kigoda, akakaa karibu chini ya meza, akavua sandale zake, akaziweka pembeni vizuri, sawa vile ananiona nafanya miaka yote hii. Akaweka nyayo ku pedali.

"Vaa viatu, Mama Aimée."

Akaniangalia kidogo. Akavaa.

Alikanyaga mbio, kisha polepole, kisha mbio tena. Uzi ulikatika mara nne. Bulauzi moja imetoka. Bega la kushoto limeenda kombo kidogo. Kesho nitalifumua.