Mwaka Mmoja Bila Kelele Zako, Fundi Makochi

“Wewe mtoto, baba yako ni mgonjwa au ni mahabusu?”

Dada yako alikuwa mlangoni kwa jirani yetu fundi bomba, hotipoti ya supu kwapani, mkono mwingine kiunoni. Unamjua wifi yangu. Akishika kiuno, mtaa mzima hupunguza redio upate kusikia vizuri. Binti wa fundi naye alikuwa amejaa mlango wote.

“Shangazi, kwa heshima zote, daktari amesema baba apumzike. Nyinyi mkiingia hamtoki. Moyo wake mbovu.”

“Moyo ndio mbovu. Masikio ni mazima, mwache atusikie.”

Ni mwaka mmoja sasa tangu moyo wako usimame, baba watoto, na bado watu wanagombana kwa ajili yako. Maana siku ile dada yako hakuwa anamgombania fundi bomba peke yake.

Ulikuwa mtu wa kelele za heri. Ukivisha kochi kitambaa, misumari imejaa mdomoni, uliongea vilevile. Jinsi ulivyoweza kusengenya na misumari mdomoni ni siri uliyoondoka nayo. Barazani petu watu walikalia springi tupu, makalio yakiwauma, ili wasipitwe na habari. Mteja akiulizia kochi lake ulimjibu, “Liko tayari, tunasubiri huyu bwana anyanyuke.” Nami niliwapikia wote huku nalalamika, na ulijua kabisa silalamiki kwa dhati.

Kisha moyo ukakushika. Ukalazwa, ukarudi, tukaambiwa upumzike. Tukakupumzisha kweli kweli. Tulikukatia chumvi, tukakukatia mafuta, tukaona haitoshi, tukakukatia na watu. Mwanao mkubwa alisimama mlangoni kama mlinzi wa benki. Hata mimi, ambaye habari ya mtaa huu haipiti bila kunywa maji kwangu, ukiniuliza kuna nini huko nje, nilikujibu hakuna jipya.

Ukanyamaza. Majirani wakasifu, “Mzee siku hizi ametulia.” Hukutulia. Uliacha kuuliza, ukaacha kunyoa, usingizi ukakukimbia. Ukiambiwa twende tutembee kidogo, ulisema kesho. Vidonge vingine tulivikuta chini ya mto.

Muuguzi wa kliniki yako alipokuja kutupa pole, alivua viatu, akakaa chini na sisi, akatufungua macho. “Mama, mawazo hayaishii kichwani. Mtu akikaa na hofu na huzuni siku nenda rudi, mwili unadhani kuna mwizi dirishani. Unamwaga homoni za kupigana au kukimbia, na mtu yuko kitandani, hana pa kukimbilia. Moyo unadunda, mishipa inabana, presha inapanda. Damu inaganda upesi, na mishipa inaumia kwa ndani. Na moyo ukishaumwa, wenyewe nao huweza kumletea mtu sonona. Vinalishana.”

Nikamwuliza kama ni huzuni iliyokuua. Akasema hawezi kusema hivyo, mishipa yako ilikuwa imeanza kuziba zamani. “Ila sonona nayo ina matibabu yake. Ilifaa itibiwe pamoja na moyo.”

Tangu hapo dada yako hawezi kuona mlango wa mgonjwa umefungwa akapita. Na huyu mgonjwa si mtu baki. Ni fundi bomba wako, uliyemwita Mkwe tangu siku alipotaka kulipia kochi kwa kumwoza mwanawe wa kiume binti yetu. Tulipokuzika aliacha kuja barazani. Tukadhani ana kazi nyingi. Kumbe alikuwa ameanza kunyamaza, na mwezi uliopita naye moyo ukamshika.

Nilimtoa dada yako pale mlangoni, nikamshika binti mkono. “Mwanangu, hukosei kumpenda baba yako. Sisi nasi tulimpenda wetu hivyohivyo, mlango tumeufunga.” Nikamweleza ya muuguzi, yote.

Machozi yakamtoka. “Sasa nifanyeje, mama? Nikiwafungulia watu baba akafa, watasema ni mimi.”

“Kusema watasema tu. Mimi ni mmoja wao, najua. Mrudishe kliniki, na safari hii waambie na habari za usingizi wake, na kwamba hacheki. Dawa asiache hata moja. Akichoka, tutaondoka. Lakini usimwache na ukuta.”

Amempeleka. Dawa za moyo zinaendelea, na kila wiki kuna mtu wa kuzungumza naye kuhusu yale yaliyo moyoni. Juzi tumemsikia akimtania muuza maji. Hatujui itakuwaje, ila tumemsikia.

Nakukumbuka zaidi asubuhi. Nyundo ya fundi yeyote ikigonga huko nje, mkono wangu unakwenda wenyewe kuongeza maji kwenye birika. Habari nimekuwekea tele. Yule mama wa kochi jekundu ameolewa tena, na bwana harusi ni yuleyule wa kwanza. Nimewasimulia wengi, lakini hakuna anayejua kushangaa kama wewe.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, dada yako, wanao watatu na wake zao na waume zao, wajukuu wanaogombania stuli yako, na baraza yako nzima. Siku hazitakufuta kwetu, kamwe.

Tuwie radhi tunakatiza, chakula cha kumbukumbu yako kimeshapakuliwa na kuna hodi. Ni fundi bomba, kakonda, shati kapiga pasi, binti yake kamshika kiwiko. Amesimama kizingitini kama mgeni, anauliza kama si usumbufu.

Usumbufu gani, Mkwe? Pita, sogeza huyo mtoto ukae. Karibu, tule.