Gari Lilipona Jumatano

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji amepiga simu leo. Mke wa kaka. Miaka tisa sijaisikia sauti yake, nikaijua kwa neno la kwanza. Anasema kaka hali tena chakula, na ananiulizia.

Nikamuuliza anatumia dawa gani. Mazoea ya kazi hayo — ukinitajia mgonjwa, nauliza dawa. Akanisomea lebo moja moja, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Ya tatu ilikuwa mofini. Kila baada ya saa nne.

Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka ishirini na miwili. Chupa ile najua huandikiwa nani, na ya siku ngapi.

Nikasema: nakuja shemeji. Ila gari linasumbua, acha nilitengeneze kwanza.

Si uongo. Likisimama kwenye taa linatetemeka kama mtu mwenye homa. Taa ya injini imewaka tangu mwezi uliopita. Na kutoka hapa hadi kwa kaka ni saa tano za barabara, milima ikiwemo.

Mke wangu: basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, si upande kesho? Nikamwambia nikifika huko bila gari, akitakiwa hospitali nitambeba mgongoni? Akanitazama tu. Yeye akinyamaza hivyo, afadhali agombe.

Nimeomba likizo ya wiki moja. Kesho naanza.

Jumanne, 5 Machi

Sevisi nzima nafanya mwenyewe. Ufundi wa kusomea sina. Nilichonacho nilikipata kwenye gereji ya kaka, enzi za kabureta, unazungusha skrubu kidogo huku umetega sikio. Hili langu halina kabureta. Petroli inadungwa na nozeli kama sindano, na kompyuta ndiyo inayoamua kiasi gani. Magari ya hivi kaka hakuyapenda kamwe. Alikuwa akisema gari lenye kompyuta ni mgonjwa anayejiandikia dawa mwenyewe.

Filta ya hewa kwanza. Nyeusi tii! Ndani majani makavu na bawa la panzi. Aibu. Mimi ninayewaambia watu kutwa wasipuuze kikohozi.

Kisha nikafungua bomba la hewa hadi kwenye koo la injini — pale penye kisahani cha chuma kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Masizi yameganda pembeni, kisahani hakifungi vizuri. Dawa ya kupuliza, mswaki wa zamani, tambara. Saa nzima. Kazi tamu. Mikono inahangaika, kichwa kinapumzika.

Jirani yangu, dereva wa lori, akachungulia juu ya ukuta: unalipiga mswaki, daktari? Limekula pipi? Nikacheka hadi machozi. Halafu nikakumbuka kwa nini nipo pale uani na siko kazini.

Sitaki kuandika hilo leo.

Haya, naandika. Baba aliugulia hapa kwangu, chumba cha nyuma, miezi saba. Nilimwogesha. Nilimlisha. Dawa zake nilizipima kwa mkono wangu. Siku moja nikarudi kutoka kazini — kitanda kitupu, shuka limekunjwa vizuri. Mke wangu alikuwa kwa mama yake siku hiyo. Kaka alikuja na gari akamchukua baba. Bila kuniambia! Nikapiga simu, akasema: baba yuko kwangu, apumzike, usije kwanza, nitakuambia uje lini. Nikasusa. Nikasema siendi kupiga hodi kwa mtu aliyeniibia baba. Siku ya kumi na moja ndipo akaniambia nije. Kuzika.

Mazishini sikumpa mkono. Tangu hapo, basi.

Jumatano, 6 Machi

Leo plagi. Nne zote zimechakaa, ncha zimeliwa. Muuza spea ananijua, akaniuliza gari bado lile lile? Nikasema lile lile. Akasema hilo sasa ungelipa jina na kitanda. Nimenunua plagi mpya, nikazipima nafasi moja moja kwa kile kibati cha kupimia, nikazifunga kwa mkono kwanza, kisha spana. Hivyo ndivyo kaka alivyonifunza: plagi usiilazimishe, ikikataa irudishe nyuma uanze upya.

Nikawasha. Bado linatetemeka!

Nikazima. Nikawasha tena, nikainama juu ya injini, nikasikiliza. Fssss. Kama mtu anayevuta chai ya moto. Nikapitisha vidole kwenye mipira midogo yote hadi nikakuta — mpira wa hewa, huko nyuma ambako huoni, umepasuka kidogo kama ukucha. Siku zote hizo injini ilikuwa inavuta hewa ya wizi, na kompyuta maskini inajitahidi kuongeza petroli, haijui kinachoendelea. Mpira mpya ulipatikana duka lile lile. Nikachomoa betri robo saa ili kompyuta isahau ya nyuma, nikarudisha.

Nikawasha. Kimya. Kimya kizuri! Nikaweka kikombe cha chai juu ya injini, chai haikucheza. Taa imezimika.

Saa tisa alasiri gari lilikuwa zima.

Kesho nibadilishe na filta ya petroli. Safari ndefu na filta ya zamani si jambo la busara.

Alhamisi, 7 Machi

Bomba la petroli huwa na presha. Ukilifungua hivi hivi linakurukia machoni. Kwa hiyo unachomoa fyuzi ya pampu, unawasha, unaiacha injini imalize kilichobaki ndani ya bomba.

Nikakaa kwenye kiti nikasikiliza. Ikaendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea. Kama nusu dakika hivi. Kisha ikakohoa. Ikajikaza. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Nikalaza kichwa kwenye usukani.

Filta nimebadilisha. Nikaanza na nozeli, nizitoe nizisafishe — mke wangu akatoka jikoni, akasimama hapo anafuta mikono kwa kanga. Akasema gari limepona tangu jana, hata jirani kalisikia. Nikasema nozeli hujui zitaleta nini njiani. Akauliza, kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionichoma: unataka ufike, au unataka uchelewe?

Nikamwambia asiingilie mambo ya mtu na ndugu yake. Nikarusha spana. Haikumlenga mtu. Lakini ilirushwa. Akaiokota, akaifuta, akaiweka kwenye sanduku pamoja na zenzake, akarudi jikoni.

Humu hasomi mtu, basi niseme. Nataka aningoje. Nataka kaka naye, hata siku nne tu, ajue kungoja kunavyouma.

Nimeliandika. Sasa nalisoma. Linanuka.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji tena. Dozi imepandishwa, sasa ni mara mbili ya ile ya kwanza. Akauliza: gari limetengemaa? Nikasema karibu.

Karibu!

Nikaenda nje nikafungua boneti. Hakuna kilichobaki cha kufungua. Nikaifunga.

Nimemwomba mke wangu radhi kwa ile spana. Akasema begi lako lipo mlangoni tangu juzi. Kesho alfajiri.

Jumamosi, 9 Machi

Gari halikunisumbua hata mara moja. Mlimani lilipanda kama lina miaka miwili. Nilitamani lisumbue. Mara mbili nilisimama kando ya barabara nikafungua boneti bila sababu, nikatazama, nikafunga. Saa tano ziligeuka karibu saba.

Yupo hai.

Amebaki macho na mifupa. Ile mikono iliyokuwa ikilegeza nati bila spana, sasa shuka linaizidi uzito. Shemeji anasema kaka alilisikia gari kabla mimi sijafika getini. Maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka tisa: umekuja na la sindano.

Nikasema ndiyo, kaka.

Sevisi kafanya nani?

Mimi mwenyewe.

Akafumba macho. Midomo ikatikisika. Akasema: basi kurudi utarudi kwa miguu.

Tukacheka. Yeye hakuwa na pumzi ya kucheka, lakini alicheka. Nikashika mkono wake. Sikuuachia hadi aliposinzia.

Alasiri nilimsaidia shemeji kukamua mashuka. Yeye upande ule, mimi upande huu, tunasokota. Akaanza kusema bila kunitazama: Ile siku ya baba — baba mwenyewe ndiye aliyepiga simu, shemeji. Asubuhi, ulipokwenda kazini. Alimwambia kaka yako njoo unitoe hapa. Alisema, mdogo wako kila akinipimia dawa mikono inamtetemeka, anakwenda kulia bafuni anadhani sisikii. Sitaki nimfie mikononi, huyu hataweza. Mchukue kwako usimwambie, na asije hadi yaishe. Akamwapisha.

Shuka likaniponyoka, likaanguka mchangani.

Nikauliza: miaka tisa? Mimi namchukia miaka tisa, na ananyamaza?

Akasema: aliapa, shemeji. Mimi sikuapa.

Tukalifua tena lile shuka.

Dawa ya kaka ya saa kumi na mbili jioni nimempimia mimi. Nilikaza mkono. Alitazama mkono, si dawa. Akatazama uso wangu. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga njia nzima ya kutoka uani hadi kitandani. Nikasema: kunywa, kaka. Akanywa.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi ameamka vizuri. Amekunywa vijiko viwili vya uji. Akaomba dirisha lifunguliwe na gari nilisogeze, liwe hapo chini ya dirisha, niliwashe niliache lingurume. Nikafanya hivyo, nikarudi nikakaa kitandani. Alisikiliza sana. Uso wake ukawa ule wa gerejini, kichwa kimeinama upande mmoja. Nilifurahi kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari.

Akasema: moja haichomi. Ya tatu.

Nikasema kaka, plagi mpya hizo, za Jumatano.

Ya tatu, nakwambia. Kaitoe uniletee niione. Na usiifungue ikiwa ya moto, utaharibu uzi wake wa kukazia. Zima, ngoja ipoe kabisa.

Nikasema sawa. Nilipofika mlangoni akaniita kwa lile jina la utotoni, ambalo sasa hakuna mwingine duniani anayelijua. Nikageuka. Akasema: hamna. Nenda.

Kwa hiyo nipo hapa kiti cha mbele, nangoja injini ipoe, naandika kwa sababu mikono haina kazi. Dirisha limefungwa. Pazia limevutwa. Nasikia kandambili za shemeji zinakwenda mbio, zinarudi.

Robo saa.

Nusu saa. Boneti inashikika sasa. Nimeitoa.

Naitazama plagi ya tatu hapa kwenye kiganja. Kavu. Rangi ya kahawia nyepesi, kama inavyotakiwa. Nafasi nimeipima, sawasawa. Nimeifuta, nimeitazama tena juani, nimeizungusha. Haina kosa lolote. Fundi wa miaka arobaini, sikio lile — anajua kuwa haina kosa. Gari hili liko zima na amelisikia kuwa liko zima.

Ameniondoa chumbani, kama baba alivyoondolewa kwangu.

Shemeji amechungulia mlangoni sasa hivi, macho mekundu. Anasema: bado kidogo, anasema ungoje. Nimemwambia injini imeshapoa. Kasema: anasema ungoje tu, shemeji, nakuomba. Amerudi ndani. Nimesikia komeo.

Ningoje nini? Jumatatu nimengoja. Jumatano gari lilipona, nikangoja. Nitaugonga huo mlango, na wakinikatalia nitapita dirishani, na mikono ikitetemeka itetemeke mbele ya kaka. Naweka kalamu, nashuka.