Mlenda Uko Jikoni, Vidonge Ninavyo Mimi

Baba Hanifa,

Mlenda uko kwenye sufuria ndogo. Papai liko hapa mezani, limefunikwa. Kula vyote. Mtungi wa maji nimeujaza, nikirudi nitautazama umepungua kiasi gani.

Haluli, hiyo dawa ya kuharisha, usiiguse. Saa nzima uliyokaa chooni leo asubuhi inatosha. Wageni wa harusi kutoka Kinyangiri walipanga foleni uani na makopo yao ya maji, wanakusikia unavyoguna. Dada yako Fatu ndiye aliyeniambia una siku nne hujapata choo. Ukamwambia yeye, mimi mkeo ukanificha.

Vidonge vya kupunguza mwili nimevikuta ndani ya kofia yako. ~~Nimevitupa shimoni.~~ Sijavitupa, ninavyo mkobani, napita kwa daktari avitazame. Siku hizi madukani kinaingia kila kitu, hata cha kumnyima mtu choo! Tumbo likivimba au ukitapika usinisubiri, nenda hospitali.

Kanzu uliyokwenda kuipunguza kwa siri nimeichukua pia. Fundi ataifumua, airudishie upana wake. Ijumaa unamwozesha mwanao, utakaa mkekani mbele za watu. Kanzu ya kubana ya nini?

Najua ni ule utani wangu wa Idi, kwamba kitambi chako huingia msikitini kabla yako. Wote walicheka, wewe hukucheka. Nisamehe. Kitambi hicho nimekipika mwenyewe miaka ishirini na miwili, na sijakichoka.

Mama Hanifa