Bao la fainali yetu na Kazimia

Eugène, soma haya kabla watu wa Kazimia hawajakupigia.

Niko nje ya nyumba, kwenye kilio cha marehemu refa wetu. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea. Ndani tulikuwa tunakumbuka fainali ya 1986: zile ngumi, meno mawili yaliyomtoka Néhémie, golikipa wa Kazimia, bamama waliomfukuza refa huyu huyu mpaka kanisani. Tulicheka mpaka machozi.

Halafu Néhémie akasema, "Lakini ule mpira haukuingia."

Nikajibu kama siku zote: "Mimi ndiye niliyeshika kibendera. Niliona." Si unajua hapa kwetu Baraka mji mzima unaniita Papa Jicho?

Mjane, Mama Georgette, akanishika mkono. "Marehemu alikuwa anasema, mi sikuona kitu, kulikuwa vumbi na batu banapigana. Lakini Papa Jicho aliinua kibendera kwamba ni bao, na ule muntu hasemi uongo."

Hasemi uongo! Mbele ya picha ya marehemu!

Eugène, mdomo ulifunguka wenyewe. "Na mimi sikuona."

Néhémie akaweka kikombe chini. "Miaka yote hii, mzee?"

Nikawaambia ukweli. Niliinua kibendera kwa sababu nilikuona wewe, kapiteni wetu, ukikimbia mikono juu. Nilikuamini.

Sasa wanasema wewe ulikuwa mbele ya goli, wewe ndiye utakayesema. Néhémie anatafuta namba yako.

Naona umesoma.

Naona unaandika.

Mbona umeacha?

Eugène, ule mpira uliingia au haukuingia?