Maji ya Machungwa ya Mama

Ngombezi, Korogwe
11 Agosti 1975

Kaka yangu Mhina,

Shikamoo. Natumaini wewe na wanao hamjambo huko Kwedizinga, na shamba la kijiji mmeshamaliza kulivuna. Sisi huku tunapumua. Mume wangu Athuman bado yuko kiwandani na mkonge wake, kifua kimetulia kidogo.

Habari kubwa ni ya mama. Usishtuke, yu hai. Jumatano alianguka uani, tukimwita haitiki. Tulimpakia kwenye trekta hadi hospitali ya Korogwe, na bado amelazwa. Leo amekunywa uji mwenyewe na kunigombeza kwa kuuchelewesha, ndipo nikajua anapona.

Nilipomchukua kwako mwezi wa sita alikuwa amekonda, nikaapa kumnenepesha. Kwenye kisomo cha kina mama tumefundishwa kwamba matunda na mboga hujenga mwili, na ni kweli, wanangu walipotoka kwenye malaria niliwarudishia nguvu kwa maji ya machungwa. Basi nikakamua. Asubuhi machungwa sita, mchana papai, jioni karoti za Lushoto, nikizikuna na kuzichuja kwa kitambaa. Mama kila saa ana kiu, nami kila saa nina jagi. Majirani wakanisifu, nikavimba kichwa.

Sukari ya dukani sikumpa hata kijiko. Nilijua ana ugonjwa wa sukari, lakini nilidhani sukari ni ile tunayoipangia foleni. Daktari alinieleza kwa upole kwamba chungwa moja akilitafuna na nyama zake si neno, ila ukikamua sita na kutupa makapi, unamnywesha utamu mtupu. Na ile kiu niliyokuwa nikiituliza ndiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa wenyewe. Akaniuliza kama hakuna aliyenionya. Nikasema hakuna.

Kaka, nilimdanganya daktari, na wewe nilishakudanganya kabla yake. Siku ile namchukua mama, wifi Mwaija alinifuata hadi kituo cha basi, akanishika mkono.

“Wifi, tunda kidogo tu, na usimkamulie kabisa,” alisema. “Ndivyo walivyoniambia hospitali ya Handeni nilipompeleka. Mimi mwenyewe huona uchungu nikimnyima.”

Nikaona anajitetea. Nikakuandikia kwamba mkeo ni mchoyo, anamnyima mama hata chungwa. Aliposema ni maagizo ya hospitali ukaniuliza mimi, nami nikajibu amebuni. Ukamrudisha kwao Segera kwa barua yangu. Naona aibu, kaka.

Mama alipofumbua macho alimwita Mwaija. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kitandani pake.

Ijumaa nakwenda Segera kuwaangukia wazazi wake. Nakuomba usiningoje mimi, tangulia ukamchukue. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, ni haki yako.

Athuman anakuamkia. Wasalimie wanao wote, na uwaambie kwamba mama yao hakumnyima bibi kitu, ni shangazi yao aliyesema uongo.

Mimi mdogo wako,
Mashavu