Uteo Mikononi mwa Wavulana

Mutembei,

Nimekukasirikia, na sitaanza na habari za majonzi. Mtu gani anaacha darasa zima katikati ya ngoma anaenda kufa? Hata wale madereva wa miraa wa Maua, wanaokimbia kama wamefukuzwa na nyuki, hukupungia mkono kabla ya kupotea kwenye kona.

Wewe ndiye uliyenivuta kutoka kibanda changu cha miraa soko la Kianjai. "Kobia, umeona Nairobi, umeona Mombasa, njoo usaidie Darasa langu la Sita kutunga ngoma ya mashindano." Nikaja. Nani mwingine hapa anajua jukwaa? Shule iliniacha darasa la saba, lakini nimecheza mbele ya watu wa suti. Tukatunga ngoma ya mavuno, safi kabisa. Kisha ukaiharibu. Wasichana ukawapa ngoma wapige. Wavulana ukawapa teo, wapepete maharagwe.

Teo! Hapa Meru, ambapo mwanamume akigusa uteo mama yake anamnyang'anya! Nilikwambia tutachekwa mpaka Maua. Ukatabasamu, ukaniuliza, "Kobia, wewe maharagwe unayokula hupepetwa na nani?" Nikaondoka bila kukuaga. Halafu ukafa, ugomvi ukiwa nusu. Huo si ungwana.

Darasa wakampa Mwalimu Kinoti, kijana wa viatu vilivyochongoka. Siku ya kwanza tu alirundika teo nyuma ya choo, akawapa watoto maputo na maua ya plastiki. Akasema mbele yao, "Ile ya marehemu ilikuwa aibu."

Mutembei, mwenye haki ya kusema hivyo ni mimi. Mimi peke yangu! Nikamwambia maputo ni ya kuuzia simu. Akanijibu, "Mzee wa majani, rudi sokoni." Nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikapiga kelele mpaka kuku wake wakaacha kula. Ili ninyamaze, akaamua wazazi waje Ijumaa, waone zote mbili, wachague ya kwenda mashindano.

Maputo yakatangulia. Makofi yakapigwa. Yetu ikaingia, msichana wetu Makena akaipiga ile ngoma mpaka nikasisimka, lakini wavulana wakasimama kama nguzo za ua. Nyanya ya mmoja wao, Muriungi, aliyekaa mbele, akaita, "Muriungi! Weka hicho chini! Kwani huna dada?" Watu wakaangua kicheko. Kijana akaangusha uteo, akalia. Kinoti akawa anaangalia saa yake.

Nikaingia uwanjani na hili tumbo, nikaokota uteo, nikapepeta. Mimi, Kobia, ambaye wauzaji wa Igembe yote wananiogopa! Maharagwe yakaruka mpaka kwenye kofia ya chifu. Walicheka, Mutembei. Walinicheka mpaka machozi yakanilenga.

Yule nyanya akasema, "Ona! Mkubwa hivi na hajui kupepeta!" Hakuweza kuvumilia maharagwe yakimwagika. Akainuka na fimbo yake, akanishika mikono, akanionyesha: inua kidogo, rudisha, acha upepo ufanye kazi. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe, kuja. Angalia mkono." Muriungi akaja. Wenzake wakafuata, wote, wakifuata mkono wa mama mzee na ngoma ya Makena. Kicheko kikakatika chenyewe.

Wazazi walichagua yako. Kinoti nilimnunulia soda. Sasa anakaza ngozi za ngoma, amenuna, lakini anakuja kila siku.

Bado nina hasira. Ungekuwa hapo ushikwe mikono wewe, si mimi. Ungenicheka kuliko wote, na ningekutukana, na yangeisha.

Mwezi ujao tunawapeleka watoto Embu. Waamuzi wakiuliza ngoma ni ya nani, nitatamani sana kusema ni yangu. Unanijua. Lakini nakuahidi: nitataja jina lako, kwa sauti, hata likinikwama kooni.

Pumzika, mkaidi wewe.

Kobia